Taa ya Kijani Maabarani

Mzee alikuwa fundi wa simu kwa miaka thelathini na moja, na tangu astaafu hakuna aliyemkabidhi waya hata mmoja. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la maabara ya hospitali akisubiri majibu ya damu. Mbele yake, kapiga magoti nyuma ya kompyuta kuukuu, alikuwa binti yake kitinda mimba, fundi wa kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imegeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku, lakini ndiyo pekee iliyoelewana na mashine ya kupima damu. Tangu juzi ilikuwa ikipoteza mtandao. Majibu hayakuwafikia madaktari ghorofani, na mkuu wa maabara alipanda ngazi na karatasi mkononi mpaka magoti yakamlia.

"Mtaalamu wa jana kabadilisha kadi ya mtandao, wapi!" alisema mama huyo, mikono kiunoni. "Akasema hii ni ya kutupa. Wewe utaona nini ambacho yeye hakukiona?"

"Labda nisione kitu, mama. Nipe nusu saa."

Mzee akauma ulimi. Yeye alishauona ugonjwa: waya wa mtandao. Kichwa chake cha plastiki kilikuwa kimelegea, kinaning'inia. Maneno yalimwasha mdomoni, akajikaza.

Binti hakungoja kuambiwa. Alikikata kichwa kile, akapanga nyuzi nane kwa rangi zake, akabana kipya. Taa ya kijani nyuma ya kompyuta ikawaka.

Ikazima. Ikawaka tena, ikazima.

Hapo mzee aliishiwa. Angekuwa yeye, angefunga mkoba.

Binti akaomba kadi ya zamani iliyotolewa jana. Akasugua meno ya shaba ya kadi hiyo kwa kifutio cha penseli, akaichomeka. Taa ikapepesa vilevile. Badala ya kununa, akacheka.

"Kadi mbili haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja. Mama, hicho kisanduku cha mtandao ukutani kilifungwa lini?"

"Juzi. Kipya kabisa."

"Basi ndicho. Kina mbio, na hii bibi yetu inakwenda polepole. Kila mmoja anabahatisha mwendo wa mwenzake, wanapishana. Tuwapangie mwendo mmoja, wa bibi."

Akaandika kwenye kompyuta, kisha akafungua mipangilio ya kisanduku, akaandika tena. Taa ikawaka. Wote watatu wakaikodolea macho. Haikuzima.

Simu ya mezani ikalia. Sauti ya daktari ilisikika mpaka kwenye benchi: "Yamefika! Hata ya juzi!"

Mkuu wa maabara akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mwanangu, nani kakufundisha kazi?"

Binti akamwonyesha baba yake kwa kidevu. "Yule pale. Nilikuwa namshikia koleo kabla sijajua kusoma."

Nyuso zikamgeukia mzee. Angeweza kuitikia tu kwa kichwa, na sifa ingekuwa yake. Akasimama, akanyoosha koti.

"Nilimfundisha waya," alisema. "Mimi ningeishia kwenye waya. Hayo mengine kaniacha mbali, na sijui hata kaniacha lini."

"Baba, acha bwana," alisema binti, akainamia kufunga bati la kompyuta kuficha uso. "Hebu nishikie hizi skrubu."

Mzee akakinga viganja vyote viwili.