Ng'ambo Walijibu

Siku ya pili baada ya kimbunga, Sikudhani alipanda mtumbwi wa shemeji yake, Sadala, kwenda kumtafuta binti yake Fatu, mtoto wa miaka sita. Usiku wa kimbunga Fatu alikuwa amelala ng'ambo ya mto na bibi yake, Siti, katika dungu, kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu hulala msimu wa mpunga ili kuwafukuza nguruwe kwa kupiga madebe. Madungu yalikuwa kumi na tisa. Sasa zilibaki nguzo chache, zote zimelalia upande wa mikoko.

Maji yalikuwa mazito, yamebeba makuti, mikeka na mbuzi waliovimba. Sikudhani alikuwa akiita tangu asubuhi, na sauti ilikwisha kumkauka.

"Shemeji," alisema, "jumbe amemwambia Mzungu wa boma kwamba watu walitangaziwa mapema habari ya kimbunga. Tarishi wake, mpeleka habari, ni wewe. Ulivuka?"

Sadala alipiga kafi mara mbili kabla ya kujibu. "Walitangaziwa."

"Nimekuuliza kama ulivuka."

Hapo wakasikia mtu akikohoa ndani ya mikoko.

Alikuwa Siti. Alikuwa amejifunga kwa kanga yake kwenye mkoko, midomo imepasuka, mikono mitupu. Walipomteremsha mtumbwini alimtazama Sadala, akacheka kicheko kikavu.

"Wewe Sadala! Nguruwe wako wa juzi walikuwa na meno kweli."

"Nguruwe gani, mama?" Sikudhani aliuliza. "Fatu yuko wapi?"

"Tulisikia debe lake kutoka ng'ambo. Nikamwambia mjukuu wangu, Sadala kaona nguruwe, nasi tupige letu. Akalipiga mwenyewe, anacheka. Maji yalipokuja nilimshika. Nilimshika, mwanangu, mpaka mkono ukakataa. Alikwenda kule." Alinyoosha kidole kwenye kijito chembamba kilichopotelea mikokoni.

Sadala aliweka kafi chini.

"Nilitembea kutwa nzima kutoka bomani na habari ya kimbunga," alisema. "Magharibi ilinikuta ukingoni na mtumbwi wangu haupo, umeazimwa. Nikapiga debe kuwaonya. Walijibu, shemeji. Madungu yote yalijibu. Nikajua wamesikia, nikaenda kulala."

"Ukipiga debe wanajibu," Sikudhani alisema polepole. "Kila usiku wanajibu, ili nguruwe akose pa kutulia. Hata mimi ningejibu."

"Nisamehe."

Sikudhani alikuwa akitazama mizizi ya mikoko, ambako mstari wa tope bichi ulikuwa unapanda. Maji yalikuwa yanakupwa. Wakiingia kijitoni na mtumbwi wangekwama matopeni mpaka maji yajae tena, na Siti hakuwa amemeza tone la maji matamu kwa siku mbili. Tayari macho yake yalikuwa yanapinduka.

"Niacheni hapa," Siti alisema. "Mfuateni mtoto."

"Nyamaza, mama." Sikudhani alimfuta mama yake tope usoni kwa kiganja. Alimfuta taratibu, paji, mashavu, kidevu, kama vile muda ulikuwapo. Kisha akakaza kanga kiunoni na kushuka. Tope lilimfika magotini.

"Shemeji, huko hakupitiki kwa miguu," Sadala alisema. "Ngoja niende mimi."

"Mimi siwezi kuupigia kafi mkondo huu mpaka kijijini. Wewe unaweza. Mfikishe mama yangu kwenye maji ya kunywa. Maji yakijaa, rudi."

"Nisipokuona je?"

"Utaniita. Kwa mdomo wako. Utaniita kwa jina."

Alishika mzizi, akang'oa mguu mmoja, akautanguliza. "Fatu!" aliita. "Fatu, mama anakuja! Mwanangu, itika!"

Sadala aligeuza mtumbwi. Siti alikuwa amelala kifudifudi, akinong'ona jina lile lile kwenye mbao. Sauti ya Sikudhani iliwafuata hadi kwenye kona ya kwanza ya mto, ikaita, ikanyamaza kusikiliza, ikaita tena. Kwenye kona ya pili haikusikika. Sadala alisimamisha kafi hewani kidogo, kisha akainama na kupiga kwa nguvu zake zote.