Shati Lililoshonwa na Gauni

Habari hii nilipewa na mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, siku aliyokuja kunitazama goti langu mvua zilipokwisha. Alisimulia anacheka huku anafuta macho, nami nikawa sijui nimpe pole au nimpe hongera.

Mumewe ni fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Miaka yote wameishi kwa kutaniana. Yeye humwita mkewe Bibi Masufuria, kwa vile hakuna sufuria aliyowahi kuinusuru isiungue. Mkewe naye humwita Kipimo, maana hata akisalimiwa njiani hukutazama mabega kwanza ndipo aitikie. Halafu mume akaanguka. Kiharusi kikamchukua upande wa kulia, mkono wa mkasi, pamoja na nusu ya mdomo.

Aliporudi kutoka hospitali nyumba ikapoa. Watu waliingia kwa kunyata na kunong'ona, utadhani kuna maiti ndani. Hata mdogo wangu akaacha utani. Utamtaniaje mtu asiyeweza kukujibu? Shemeji akageukia ukutani. Akawa hasemi, na kibaya zaidi akawa hali chakula. Uji unaingia wa moto, unatoka umeganda. Daktari alishasema bila kuficha kwamba asipokula atarudishwa wodini, alishwe kwa mpira wa puani. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, niliuogopa ule mpira kuliko kiharusi chenyewe."

Mchana mmoja akaona amtengenezee shati la kumvalisha bila tabu. Akatwaa shati kuukuu, akalipasua mbele, atie vikamba mahali pa vifungo. Cherehani ilikuwa mle mle chumbani, karibu na kitanda, na tangu aolewe hajawahi kuigusa. Mwenyewe alikuwa haruhusu. Akakaa, akakanyaga, ikamtoka mbio. Shemeji akageuza kichwa kidogo kusikia mashine yake inavyoteswa, kisha akakirudisha ukutani.

Alipomaliza akainuka akachukue uji, na shati likainuka naye. Alikuwa amelishona pamoja na pindo la gauni lake, mshono juu ya mshono. Akivuta huku gauni linapanda, akivuta kule mkono wa shati unamchapa. Akabaki anazunguka kama mbuzi aliyejiviringishia kamba.

Sasa, pale kibandani kwa shemeji mafundi wana sheria yao. Ukiharibu nguo, unaivaa mwenyewe mpaka jioni, wateja wakuone. Kuna mmoja alishinda na suruali yenye miguu yote miwili ya kushoto.

Kitandani ikatoka sauti nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni.

"Vaa."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu arudi. Mdogo wangu akajibu kabla hajakumbuka kwamba anaongea na mgonjwa. "Nilivae vipi, na lenyewe limeshanivaa?"

Mdomo wa shemeji ukapanda upande mmoja.

Hapo wifi yake, dada wa shemeji, akaingia na uso wake wa pole alioutengeneza tangu njiani. Akaliona shati linaning'inia, akauliza ndiyo nini hiyo. Shemeji ndiye aliyemjibu, neno moja moja.

"Amenishona... kwake. Nisitoroke."

"Utoroke kwa mguu upi, kaka?"

Ilimponyoka tu. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha shemeji akacheka. Kicheko chenyewe kilikwenda upande, mate yakamtoka, na mkewe akayafuta kwa mkono wa shati kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Wifi akakaa chini kabisa.

Uji ukaletwa, shati likiburuzwa nyuma. Shemeji akaonja kijiko kimoja.

"Umeungua."

"Kula hivyo hivyo, Kipimo."

Akala. Hakumaliza, ila bakuli lilirudi limepungua kweli. Wifi akaaga, akasema atawaambia wengine kwamba anayekuja kunong'ona abaki kwake.

Walipobaki wawili, shemeji akaomba sindano ya kufumulia. Mkewe akakaa ukingoni mwa kitanda. Fundi akauinua mkono wake uliolala kwa ule mzima, akauweka juu ya shati ulikandamize.

"Kaa hapo, mvivu," akauambia. "Leo una kazi."

Akaanza kufumua kwa mkono wa kushoto, uzi baada ya uzi, ulimi nje. Aliwahi kufumua kidogo tu, macho yakamlegea. Akalala, shati likiwa chini ya mkono wake na gauni bado limeshonwa nalo. Mdogo wangu angeweza kulikwanyua, lakini angemwamsha. Basi akajilaza hapo hapo pembeni, miguu inaning'inia, akawa anatazama kifua cha mumewe kinavyopanda na kushuka, mpaka na yeye usingizi ukampitia.