Shimo Kwenye Mbuga

Kila ndoo ya udongo aliyoivuta juu, Nyanjige aliimwaga kwa hasira. Siku ya nne hiyo mumewe, Salvatory, anachimba shimo la choo palepale alipokatazwa, na sasa alikuwa futi kumi chini ya ardhi. Upande wa Serengeti wingu lilishakuwa jeusi.

Salvatory alikuwa mtu wa Muleba. Kwao mvua haipotei, udongo ni mwekundu, na shimo alilochimba babu yake bado limesimama bila tofali hata moja. Alihamia Dutwa mwezi Juni, kiangazi kimekaza, akaikuta mbuga, huu udongo mweusi wa bondeni, imekuwa ngumu kama sakafu. Akaipiga sururu, akafurahi. Ndugu za mkewe walimshauri apande juu kwenye luseni, ule mchanga wa mlimani, achimbe huko na ajengee shimo kwa matofali. Akacheka. Matofali ndani ya shimo! Mwanamume anayekaa ukweni ana kiburi chake, na cha Salvatory kilikuwa hakisemeki. Hata ngazi aliikataa. Alichonga vidato ukutani, kama wanavyofanya kwao.

"Baba Winnie, toka. Mvua hiyo inakuja."

"Bado futi mbili tu, Mama Winnie. Ikianza nitapanda. Ukuta huu hata sururu inaugwaya."

"Umekauka ndiyo maana. Hujauona ukilowa."

"Udongo ni udongo tu. Shusha ndoo."

Nyanjige hakushusha. Alitazama nyufa zilizotambaa kutoka shimoni hadi mbali, pana kiasi cha kumeza mkono. Alipokuwa mdogo, ndama wa baba yake alivunjika mguu kwenye ufa kama huo. Lakini maneno alishayasema tangu Juni, na mwanamume huyu maneno hayamwingii.

Mkokoteni ulikuwa jirani, na pipa la maji juu yake, maksai wawili wa kaka yake Ndaki wakiwa bado wamefungwa nira. Nyanjige alichota ndoo, akahesabu hatua tano kutoka ukingoni, akaimimina yote kwenye ufa. Akachota ya pili, akamimina tena.

Kisha sauti ikatoka chini. "Nani anamwaga maji?"

"Yametokea wapi?"

"Ukutani. Hapa begani kwangu."

"Ni ndoo mbili, nimezimwaga mbali huku. Wingu lile lina ndoo ngapi?"

Safari hii hakubisha. Aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza, na mguu ukateleza. Maji yalikuwa yameteremkia palepale, vidato vyote vimekuwa sabuni. Alipojaribu tena, bonge la udongo lilimomonyoka likamfunika mabuti hadi magotini.

"Mama Winnie!"

Nyanjige alitaka kumfundisha, sasa amemfungia. Tone la kwanza la mvua likamwangukia shingoni.

"Jifunge kamba kwapani!" alipiga kelele, akairusha kamba ya ndoo, na ncha ya pili akaikaza kwenye ekseli ya mkokoteni. Akawachapa maksai. Hawakusogea. Walizoea sauti ya Ndaki, si yake. Mvua ilishaanza kupiga, na nyuma yake alisikia kitu kizito kikidondoka shimoni. Basi akakusanya pumzi, akapiga ule mluzi mrefu wa kaka yake, mluzi ambao tangu utoto aliambiwa si wa wanawake.

Maksai wakavuta.

Mikono ilitokea kwanza, halafu kichwa, halafu Salvatory mzima, peku. Mabuti yalibaki chini. Hawakuwa wamefika mbali pale ukuta ulipoteremka wote kwa pamoja, taratibu, kama ugali unaogeuzwa, na shimo likajifumba.

Nyanjige alimpiga mumewe begani, akampiga tena, huku analia. "Ningemwambia nini mama yako? Kwamba nilikuwa nakuona, nikaendelea kukushushia ndoo?"

Salvatory alitazama pale lilipokuwa shimo lake.

"Kule luseni," aliuliza hatimaye, "tutahitaji matofali mangapi?"

Nyanjige aliikamata kamba, na kamba ilikuwa bado imefungwa kifuani mwa mumewe.