Farasi Aliyeinua Miguu

Mkono wa dalali ulikuwa umeshazama kinywani mwa farasi, na watu mnadani walikuwa wamenyamaza kumtazama. Vidole vyake vilipita kwenye meno, vikashuka shingoni, vikakanda bega, vikateremka mguu hadi kwenye kwato. Ndiyo maana walimwita Vidole, na walipenda kutaniana kwamba ukienda na Vidole huuziwi mbuzi kwenye gunia.

Wasichokijua ni kwamba Vidole alikuwa haoni. Si giza totoro, hapana. Mwanga aliupata, na vivuli vya watu wakipita, lakini sura na vitu vidogo vilikuwa vimemtoka kidogo kidogo, na hakumwambia mtu. Dalali asiyeona atakula wapi? Basi akawa anafumba macho makusudi wakati wa kupapasa, na watu wakazidi kumheshimu. Alijisikia kama mwizi anayepigiwa saluti na askari.

Farasi wa leo alikuwa wa kumnunulia dada yake, mjane aliyewabebea watu mizigo kwa mkokoteni mpaka farasi wake alipokufa kwa tumbo. Ili apate mwingine alikuwa ameuza cherehani, kisha kitanda. Hakikubaki cha kuuza tena.

"Mimi farasi siwajui, kaka," alimwambia. "Ukisema huyu, ni huyu."

Muuzaji akaombwa amtembeze mnyama. Vidole akafumba macho, akatega sikio. Kwato zilitua kwa kishindo, kila mguu ukiinuliwa juu kabla ya kushuka, na dada akamnong'oneza kwamba kichwa kiko juu na masikio hayatulii. Moyo wa Vidole ukaruka kwa furaha. Mwendo kama huo madalali huugombea. Ndiyo damu changa, ndiye farasi anayetaka kazi.

"Huyu," alisema. Muuzaji hakubishania bei, naye Vidole akadhani anaheshimiwa.

Walifika nyumbani jua likiwa kali. Dada alitangulia na kamba, akimsimulia mnyama habari za ada za watoto na deni la duka, kana kwamba ni mtu wa familia. Mkokoteni ulikuwa katikati ya ua. Vidole, aliyekuwa nyuma, alisikia kifua kikigonga mbao, kwato zikiteleza, na dada akihema.

"Ameshtuka tu," alisema Vidole. "Mahali pageni."

Dada alivuta kamba. Alimrudisha farasi nyuma, akamwelekeza tena, na farasi akaugonga mkokoteni mara ya pili, pale pale. Kisha dada akasogea mbele ya farasi. Bangili za dada zikalia, zikanyamaza, zikalia tena.

"Kaka, haoni," alisema. "Nampungia mkono machoni, hapepesi."

Vidole akaukumbuka mwendo wa mnadani. Kichwa juu, masikio yasiyotulia, miguu inayoinuliwa kama ya mtu anayepanda ngazi gizani. Mwendo huo aliujua. Yeye mwenyewe alitembea hivyo hivyo kila alipotoka nje, Mungu wangu, kila siku, na bado akausifu.

"Macho yake ni maangavu, mimi ningejuaje?" Sauti ya dada ilikuwa imekauka. "Lakini madalali wote pale walikuwa wanawapungia farasi mkono. Niliwaona. Wewe peke yako hukupunga. Kwa nini hukupunga, kaka?"

Kwa sababu jibu la mkono ule, kupepesa kwa jicho, halishikiki kwa vidole. Alilijua hilo, na kwa miezi mingi alikuwa akiliruka jaribio hilo, akiomba bahati. Uongo alikuwa nao wa kila aina, lakini sasa alipoutafuta hakuupata hata mmoja. 

Farasi alipumua kwa nguvu upande mmoja. Upande mwingine bangili zikalia tena, safari hii karibu. Upepo mdogo ukampita Vidole usoni, ukarudi, ukapita tena.

Alitaka kupepesa. Hakujua apepese lini.