Oili ya Gia Ndani ya Kompresa

Lo! Boneti nzima ilikuwa imejaa vishimo. Mpiga rangi alisimama na bunduki yake ya kupulizia rangi mkononi, mdomo wazi, akitazama rangi nyeupe aliyoipuliza dakika tano tu zilizopita ikijikunja na kuacha madoa ya duara kila mahali. Miaka kumi na miwili anapiga rangi, hajawahi kuona balaa kama lile. Akailenga bunduki tupu kwenye kitambaa safi, akafyatua upepo. Kitambaa kikalowa mafuta.

"Haki ya Mungu!" akasema, akaizima kompresa, mashine iliyoisukumia bunduki upepo. Ilikuwa ya moto, haigusiki. Alipofungua nati ya chini, oili ikatoka nzito, inajivuta kama uji, na harufu ikampiga usoni, ile harufu kali ya kiberiti ambayo hata mtoto angeijua toka mlangoni. Oili ya gia! Kompresa ina oili yake, nyepesi, isiyofanya povu. Kuipa ya gia ni kuiua kabisa, na gereji nzima haikuwa na kompresa nyingine.

Sasa, pale aliyeshika oili ya gia kutwa kucha alikuwa mmoja tu: shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa giaboksi. Mafundi waliruhusiwa kuongeza oili ya kompresa ikipungua, basi nani mwingine? Mpiga rangi hakuuliza mara mbili. Alimwendea uani, akamvua nguo kwa maneno mbele za wateja. Mzembe! Kichwa maji! Mtu aliyepata kazi kwa sababu ya ndoa!

"Kusanya vyombo vyako uondoke! Dada yangu nitamweleza mwenyewe!"

Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Akaanza kukusanya spana zake, moja moja. Ukimya ule ulimuudhi mpiga rangi kuliko jibu lolote.

Akachukua kopo rafuni, akaingia ofisini kwa baba yake, mwenye gereji. Watu walimwita mzee huyu Pua, na jina lilimkaa. Makopo yake ya oili yalifanana yote, bila karatasi hata moja, kwa amri yake. Yeye alinusa tu, akasema hii ya injini, hii ya breki, hii ya kompresa, na kila miezi mitatu oili ya kompresa aliibadilisha kwa mkono wake mwenyewe. Jumamosi iliyopita ndiyo kwanza alikuwa ameibadilisha.

"Baba, mkweo ametuua. Tunaanza upya. Ni hii?"

Mzee akafumba macho, akavuta pumzi ndefu juu ya kopo. "Ndiyo hiyo. Tena safi. Mimina."

Mpiga rangi akalichukua, na macho yakamwasha. Kwa hasira zake alikuwa amebeba kopo la tina, ile ya kusafishia bunduki, kali ya kukutoa machozi.

"Baba. Hii ni tina."

Mzee akainuka, akaufunga mlango wa ofisi.

"Tangu yale mafua ya mwaka jana," akasema. "Sisikii chochote, mwanangu. Hata chakula. Shemeji yako ndiye aliyekuwa akininusia. Jumamosi alikwenda kuvuta gari lililoharibika, nikasema, aa, kwani mimi nani? Nikamimina."

Mpiga rangi akakaa juu ya tairi. "Na mimi nimemfukuza! Kwa nini hukunizuia?"

"Mwache aende. Yeye bado kijana, atapata kazi kwingine. Mimi jina jingine nitalipata wapi?" Akamshika mkono. "Usimwambie mtu. Nakuomba."

Jamani! Huyu ndiye baba aliyewakataza kusema uongo tangu hawajaota meno. Mpiga rangi alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akautoa mkono wake taratibu, akatoka.

Shemeji alikuwa tayari amebeba sanduku begani.

"Shemeji, ulijua kuwa ni baba?"

"Nilijua nilipoona oili ya gia pale chini ya kompresa."

"Sasa mbona ulinyamaza nikikutukana vile?"

"Mzee alikuwa dirishani, anasikiliza," shemeji akasema. "Nilidhani atasema mwenyewe."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akageukia uani, kwa mafundi na wateja wale wale, akapaza sauti ile ile aliyotukania.

"Jamani, nisikilizeni! Huyu hana kosa. Oili ya gia aliitia baba yangu. Pua yake haifanyi kazi, mwaka wa pili huu, na mimi nimemwonea shemeji yangu."

Nyundo zikanyamaza. Hakuna aliyecheka. Nyuma yake alisikia dirisha la ofisi likifungwa, polepole, na komeo likisukumwa.