Vidoti Vitatu Ukingoni

Watu husema nilijifunza ufundi wa printa kwa sababu ya njaa. Waache waseme. Njaa ilikuwepo, sikatai, lakini mimi nilijifunza kwa kisasi, na chini ya bisibisi zangu, ndani ya begi la kazi, nimebeba karatasi moja kwa miaka tisa.

Karatasi yenyewe ni ukurasa wa kwanza wa mtihani wa hesabu wa darasa la mwisho, ule uliovuja. Wakati huo nilikuwa karani wa chumba cha kuchapia katika shule ya wasichana, na mitihani yote ilipita mikononi mwangu. Wanafunzi wanne walipokutwa na nakala kabla ya siku yenyewe, Mwalimu Mkuu hakuhangaika kutafuta mwizi. Alininyooshea mimi kidole. Mbele ya kamati ya shule nilijitetea mpaka koo likakauka. Niliwaambia watazame ukingo wa kushoto: kuna vidoti vitatu vyeusi, vimeachana kwa urefu wa kidole changu cha kati. Rola ya printa ikipata kovu, huacha alama kila inapozunguka, na mashine yangu ya shule ilikuwa inatoa karatasi safi kabisa. Katibu wa kamati, mama mmoja mkavu mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vidoti peke yake si ushahidi," akasema. "Tuletee mashine iliyovitoa."

Ningeitoa wapi? Nikafukuzwa, na ukurasa ule nikaondoka nao mfukoni, hakuna aliyeudai. Baba yangu alikufa mwaka uliofuata akiamini amezaa mwizi wa mitihani. Hakunitukana hata siku moja. Aliacha tu kunitaja mbele za watu, na hilo liliniuma kuliko tusi. Tangu hapo kila printa ninayofungua, iwe ya duka, ya zahanati au ya mtu binafsi, kwanza natazama ukingo wa kushoto.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alinipigia simu. Wana printa ya zamani, ya waya, imekaa chumba cha kusomea. Yeye magoti yanamsumbua, anataka awe anachapa kwa simu akiwa sebuleni, na mtandao wa nyumbani upo. Nikamwambia hiyo kazi ndogo, nakuja. Nilipofunguliwa mlango nikamwona Mwalimu Mkuu amejinyoosha kwenye kochi.

Alinitambua. Akanipandisha na kunishusha kwa macho, akacheka. "Kumbe fundi mwenyewe ndiwe? Afadhali umepata cha kushika."

Nikajikaza kisabuni. Wallahi nilitaka kugeuza nimwachie na waya wake, ila mkewe alikuwa ameshanivutia kiti na kunipa pole ya jua. Yule mama hakuwa na kosa nami. Nikaingia.

Mkewe alinieleza kwa sauti ya chini kwamba printa mpya isingenunuliwa, maana mumewe ni bahili wa kutupwa. Ukimwambia kitu kimezeeka atakuuliza kinaumwa nini. Mchana ule kamati ya shule ilikuwa inakuja nyumbani kutia sahihi azimio la kuipa maktaba jina lake, na Mwalimu Mkuu alitaka wageni waone mambo ya kisasa. Nikatoa kile kiboksi changu kidogo: upande mmoja kinapokea waya wa printa, upande wa pili kinaongea na ruta bila waya. Nikauliza neno la siri la mtandao. Mama akanitajia jina la binti yao na mwaka aliomaliza pale shuleni kwetu, huku akinionyesha picha yake ukutani, amevaa joho. Mwaka ule naujua. Ndio mwaka niliofukuzwa.

Kiboksi kiligoma mara ya kwanza. Nikakizima, nikakiwasha, nikaandika upya neno la siri kwa uangalifu, taa ikageuka kijani. Nikatuma ukurasa wa majaribio kutoka kwenye simu yangu. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaitema.

Vidoti vitatu, ukingo wa kushoto. Nikaweka kidole cha kati katikati ya kimoja na kingine, kikaenea sawasawa.

Nikakaa sakafuni kama mtoto. Miaka tisa naitafuta mashine hii kwenye nyumba za watu wasio na hatia, kumbe ilikuwa imelala kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilitamani nimwite palepale nimsukumie karatasi mdomoni. Lakini shahidi angekuwa mkewe tu, na mwongo asipokuwa mbele za watu ana njia mia. Nikasubiri.

Mama akachungulia, akaona karatasi. Akaniuliza kama naweza kuondoa vile vidoti, maana vinamkera siku nyingi. Kuondoa ningeweza, rola ya kubadilisha nilikuwa nayo begini. Nikamwambia hiyo, mama, tuiache kwa leo.

Wanakamati wakaja watatu, na Katibu alikuwa bado yule yule, amekonda kidogo tu. Nilipotoka na begi langu kuaga, Mwalimu Mkuu akaniwekea mkono begani, mbele yao wote, akawaambia bila shaka wananikumbuka, kijana wa ile aibu ya mitihani.

"Mimi nilishamsamehe," akasema. "Leo nimemwita nyumbani kwangu, nimempa kazi. Binadamu tusaidiane."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Siku za mwizi arobaini, na huyu alikuwa amejiongezea mwenyewe. Nikatabasamu. Nikasema kwamba kabla sijaondoka ingefaa wageni waijaribu mashine, kila mmoja kwa simu yake, kutoka hapo alipokaa. Mwalimu Mkuu akafurahi kuliko wote. Nikawaunganisha mmoja mmoja. Mmoja akachapa picha ya mjukuu wake, mwingine tangazo la harusi, Katibu akachapa lile azimio lenyewe. Nikaenda chumbani, nikarudi na karatasi tatu, nikazipanga mezani. Kisha nikafungua begi, nikatoa bisibisi zote, nikachomoa karatasi ya nne, ule ukurasa wa mtihani, imeshakuwa ya manjano kwenye mikunjo. Nikailaza pembeni ya zile tatu, kingo zote zimelingana.

Nikamgeukia Katibu. "Mama, mliniambia niwaletee mashine. Ndiyo hii."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipitisha kidole kwenye vidoti, karatasi moja baada ya nyingine, asiharakishe. Mwalimu Mkuu akaanza kucheka, akasema printa zote za zamani hutoa uchafu, na hii aliinunua mitumba juzijuzi tu, nani ajue ilitoka wapi.

Mkewe alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Yeye, masikini, alidhani mumewe amesahau.

"Juzijuzi gani, baba watoto? Hii si ulininunulia mpya, yule binti alipokuwa darasa la mwisho? Mbona haijawahi kutoka nje ya nyumba hii?"

Mama akatutazama, akaitazama meza, akaitazama picha ya bintiye ukutani. Sinia likainama, vikombe vikateleza. Nikalipokea, nikaliweka chini, na hapo ndipo kisasi changu kiliponigeukia kidogo, maana yule mama hakustahili kuwa ndiye wa kumfichua mumewe.

Katibu akalichukua azimio kabla halijapata sahihi hata moja, akalikunja mara mbili, akalitia mkobani pamoja na karatasi yangu ya miaka tisa. Akaniuliza kama Jumatatu nitaweza kufika shuleni, kamati nzima itakuwepo. Nikamwambia nitafika kabla ya mlinzi.

Mwalimu Mkuu alinifuata mpaka kizingitini. Alikuwa amezeeka ghafla. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini nimsamehe, nimfikirie binti yake na cheti chake.

Nilimfikiria baba yangu, jinsi alivyokuwa akimaliza kuwataja wanawe kwa wageni kabla hajanifikia mimi. Nikautoa mkono wangu kwenye wake.

"Wewe umesema ulishanisamehe," nikamwambia. "Mimi bado."