Kilichoushika Mlingoti

"Hivi Mama Annet, ule mlingoti umesimama au umening'inizwa?"

Jirani yangu Rebeka aliniuliza hivyo miaka mingi iliyopita tukitoka jumuiya, tulipopita ufukweni ilikofungwa boti ya Mama Gaurav. Ni boti nyeupe ya matanga, ya faiba, ya siku nyingi. Nilicheka, nikamwambia kitu kirefu kama kile lazima kimesimama. Lakini swali likanikaa, na jioni nikamuuliza mume wangu, Rwehumbiza, kwani ndiye aliyekuwa fundi wa boti ile.

"Mlingoti peke yake ungeanguka hata ukiupepea kama jiko," alisema. "Umeshikwa na waya. Waya zimeshikwa na vyuma vya ubavuni. Vyuma vimeshikwa na ubao ulio ndani ya faiba."

"Na ubao umeshikwa na nini?"

"Na mimi!" Akacheka. "Nimeshaufunga. Hutaona hata bolti."

Rwehumbiza alishalala katika Bwana, namwombea kila asubuhi. Banda lake la kazi alilichukua mdogo wake, Byabato, na kibao cha mlangoni hakukigusa: Rwehumbiza na Ndugu, Mafundi wa Boti. Watu wanamletea boti kwa ajili ya hilo jina la kwanza. Mwenyewe anasema hivyo, wala hafichi.

Mwaka huu, Krismasi ikikaribia, Mama Gaurav alinipigia simu nifike bandani. Yeye ni Mhindu, mimi Mkatoliki, lakini sote ni wajane, na blauzi zake za sari nazishona mimi tangu watoto wetu wadogo. Gaurav alikuwa anakuja na familia kutoka Dar, na bibi alishawaahidi wajukuu kwamba watavuka ziwa kwa tanga mpaka Nansio, kama babu yao alivyokuwa akienda. Sasa pale chuma cha waya kinapotokeza sitahani palikuwa na ufa, na chini ya ufa michirizi ya kahawia, kama mtu aliyelia bila kujifuta.

Nilimkuta Mama Gaurav amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Byabato alikuwa ubavuni mwa boti na msasa mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ufa wa rangi tu huu. Nasugua, natia fila, napiga rangi. Itang'aa kuliko bibi harusi."

"Bibi harusi hawezi kunifikishia wajukuu Nansio," Mama Gaurav akamkatiza. "Mimi nataka kujua ndani kukoje. Huyu anasema tukikata tunaharibu kazi ya marehemu. Ndiyo maana nimekuita, Mama Annet. Tukate?"

Byabato alinitazama, nami nilimwelewa. Kama ndani kumeoza, habari ingefika kila mwalo wa boti kabla ya Jumapili, na lile jina la kwenye kibao lingekuwa kichekesho. Wanawe wanakula kwa jina hilo, na wanawe ni wanangu.

Nilipaswa kufikiria hayo peke yake. Lakini Mungu anisamehe, nilikuwa nafikiria swali la Rebeka. Miaka yote hii nilikuwa na nusu tu ya jibu.

Nikasogea, nikagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji. Mbali na chuma sauti ilikuwa kavu. Karibu na chuma ikawa nzito, kama mkate ambao haujaiva.

"Kata," nikasema.

Byabato akawasha grinda. Vumbi jeupe lilijaa banda zima, tukajifunika midomo kwa mitandio. Faiba ilipotoka kama kifuniko, yalitiririka maji ya kahawia, yenye harufu ya maua yaliyosahaulika altareni. Nilibonyeza ubao, kidole kikaingia kama kwenye andazi lililochovywa chai. Kile chuma, ambacho juu kinameremeta, kilikuwa kimeliwa na kutu kiunoni. Byabato alikivuta kwa koleo, kikakatika bila ubishi.

"Maji yamepita wapi, na pamezibwa kote?" niliuliza.

Nikainama nikatazama mwenyewe. Juu, kwenye sitaha, chuma na faiba vilikuwa vimeachana kwa upenyo mwembamba kama unywele. Tone likipita hapo linashuka mpaka kwenye ubao, na huku chini Rwehumbiza alikuwa amepafunga vizuri mno. Maji yaliingia yakakosa pa kutokea.

"Hii si kazi ya kaka," Byabato alisema harakaharaka. "Kuna fundi wa Misungwi aliwahi kushika boti hii. Kaka alitengeneza upande ule mwingine. Si unakumbuka, shemeji?"

"Mimi fundi wa Misungwi simkumbuki," alisema Mama Gaurav, "ila uzee nao. Mama Annet?"

Nilikiokota kile kipande cha faiba kilichokatwa. Tabaka zake zilikuwa zimeachana kama kurasa za misale iliyolowa, na katika kila tabaka pembe ya kitambaa ilikuwa imekatwa mviringo. Faiba hutengenezwa kwa kitambaa kinachofumuka ovyo, na Rwehumbiza alikuwa ananiletea nimkatie kwa mkasi wangu wa cherehani. Sikumkatia hata mara moja pembe iliyochongoka, maana ndiyo inayoanza kubanduka, hata kwenye kola ya shati.

"Waitu, shemeji," Byabato alinong'ona kwa Kihaya akinisihi. "Msitiri marehemu."

"Namwombea kila siku. Siwezi kumwombea huku namsingizia mtu mwingine."

Nikamgeukia Mama Gaurav. "Ni kazi ya mume wangu. Kitambaa nilikata mimi. Na upande ule aliutengeneza siku zilezile, kwa mkono uleule. Nao ufunguliwe. Safari hii nati ziachwe wazi, mtu aweze kuziona."

Mama Gaurav alizungusha bangili zake. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Byabato, sijamwita fundi mwingine. Kazi bado ni yako. Tufungue upande ule."

Byabato alikitazama kile chuma kilichokatika, akakiweka juu ya meza. Akaichomoa grinda kwenye umeme, akauzungusha waya wake mkononi taratibu mpaka ukaisha. Akapita katikati yetu, akatoka chini ya kile kibao, na upande ule haujaguswa.